Mguu Uliongoja Jua

Ijumaa jioni, mwezi wa saba. Upepo wa kusini umevuma tangu alfajiri, na ziwa limekuwa na rangi ya majivu mchana kutwa. Nimevaa koti lile nililolivaa siku ya mazishi ya Paskali, kwa kuwa sina jingine zito.

Kesho tunaondoa matanga. Wiki tano zimepita tangu tumzike mdogo wangu, na kesho ukoo utakaa ufukweni, mbele ya nyumba yake, umalize mambo mawili: boti yake itakuwa ya nani, na Shabani, aliyekuwa nahodha wake, afukuzwe au asifukuzwe kwetu. Hilo la pili watu wanaliona limekwisha kuamuliwa.

Aliyeliamua ni mimi.

Nilieleze kwa utaratibu. Paskali alikuwa akisafirisha watu na mizigo kwenda vijiji vya kusini mwa Kalemie kwa boti ya plastiki aliyoinunua Kigoma. Injini imo ndani, na nyuma, kwa nje, unaning'inia mguu wa chuma wenye rafadha inayosukuma boti. Mguu huo huinuliwa boti inapopandishwa mchangani, na huteremshwa majini kabla ya kuondoka. Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo ya umeme inayosukuma mafuta ndani ya silinda mbili. Unabonyeza kitufe, mguu unashuka. Usiposhuka, boti haiendi popote.

Mwezi uliopita, wakiwa katika kijiji kimoja cha wavuvi kisichokuwa na barabara, tumbo lilimshika Paskali. Kulipopambazuka Shabani alimlaza ndani ya boti ili amlete hospitali. Walifika Kalemie saa sita mchana. Paskali alikuwa amekata roho njiani, winchi za bandari zikiwa zimekwisha kuonekana. Daktari alitueleza kwa upole kwamba utumbo ulikuwa umejipinda, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo hauvumilii saa nyingi.

Shabani alisema mguu ulikataa kushuka. Alisema waliungoja mpaka jua lilipopanda, saa tatu nzima, mitumbwi ya wavuvi ikiwa bado mbali ziwani.

Mchana ule ule, jua likiwa kali, mimi nilishuka bandarini, nikaingia ndani ya boti mbele ya watu wote, nikabonyeza kitufe. Mguu ukapanda. Nikabonyeza tena, ukashuka. Nikasema, “Mguu huu ni mzima.”

Maneno manne. Nimefundisha ufundi wa injini kwa muda mrefu katika mji huu, na nikisema chombo ni kizima, hakuna anayeongeza neno. Tangu siku ile Shabani ni mwongo. Wengine wanasema alikuwa amelala. Wengine wanasema alikuwa amelewa, ingawa ni Mwislamu na sijapata kumwona na chupa. Hakuna mwenye boti anayempa usukani. Anabeba magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kama mtu asiyejua kazi nyingine.

Kwetu chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kuondoa matanga ikaribie, na wa kwanza kukigusa ni mkubwa wa ukoo, yaani mimi. Boti ilivutwa mpaka mbele ya nyumba ya Paskali, mguu ukainuliwa, turubai likafunika vyote. Kosa langu likakaa humo wiki tano bila mtu wa kulisumbua.

Leo nilikwenda kuisafisha. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa mimi huanza kazi saa kumi na mbili. Nilifunga betri niliyotoka nayo nyumbani, nikabonyeza kitufe.

Pampu ililia. Mguu haukutikisika.

Nilisimama na kidole juu ya kitufe, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba aliyoambiwa haina watu, akasikia kikohozi.

Basi nilifanya nilivyowafundisha wengine: anza na kilicho rahisi, wala usiruke. Betri ilikuwa na nguvu. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi mbili za sumaku, ya kupandisha na ya kushusha, kila moja ilitoa mlio wake. Waya unaofungwa kwenye chuma cha injini niliufungua, nikausugua, nikaufunga tena. Pampu ikalia vilevile, mlio mzito, wa mtu anayefyonza uji kwa mrija. Umeme ulikuwa ukifika, kwa hiyo. Nikapapasa silinda na mipira yake yote. Palikuwa pakavu, hapavuji mahali popote. Niliushika mguu nikaning'inia hapo kwa uzito wangu wote, mzee mimi, na haukushuka hata upana wa kidole.

Saa tatu jua lilipita juu ya paa la jirani, likaangukia nyuma ya boti. Nilibonyeza tena. Mguu ukatetemeka, ukashuka kidogo, ukasimama. Saa nne ulishuka wote, laini, kama ulivyoshuka siku ile mbele ya watu.

Hitilafu inayofuata jua! Sijawahi kukutana nayo. Nilifungua kifuniko cha tangi la pampu, na harufu iliyonipanda puani haikuwa ya karakana. Ilikuwa ya jikoni. Juu palikuwa na mafuta mekundu, na kando, mahali ambapo jua lilikuwa bado halijafika, yalikuwa yameganda kama yanavyoganda ndani ya chupa katika kila nyumba ya mji huu mwezi kama huu.

Mama Leoni, mjane wa Paskali, alikuwa akipita na beseni la vyombo. Alisimama, akanusa.

“Papa, hii si mawese? Munakaanga samaki ndani ya motere?”

Alichungulia. Aliweka beseni chini polepole.

“Njo ile bidoni yangu ilipoteaga,” alisema, akimaanisha dumu lake la mafuta. “Na nilimutukana jirani juu yake, Papa. Nilimutukana vibaya.”

Alicheka. Kisha akakaa mchangani, akajifunika uso kwa kitenge, na sikujua la kufanya zaidi ya kusimama karibu naye na bisibisi mkononi.

Yapo mambo ambayo hakuyajua, nami nilikuwa nayajua tangu nilipoisikia ile harufu.

Mafuta halisi ya pampu ile nayo ni mekundu. Miezi michache iliyopita Paskali alikuja kwangu asubuhi, abiria wake wakimngoja, akaniomba kopo moja. Nilikuwa nayo mawili, yamekaa rafuni mpaka leo. Nikamwambia kwamba mafuta hayaongezwi ovyo. Yakipungua, kwanza hutafutwa yanakovujia. Alete boti, niifungue, niione. Nikamhutubia hapo mlangoni kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

“Yaya,” akasema, kama alivyoniita tangu utotoni mimi kaka yake, “weye siku ukifika mbinguni utamuomba Petro karatasi ya kuonyesha nani alimufundisha kufungua mulango. Basi. Nyekundu ni nyekundu. Nitakamata ya Mama Leoni.”

Akaenda zake akicheka. Nilidhani ni mzaha.

Nilikuwa sahihi kwa kila neno nililomwambia. Hilo ndilo linaloniuma. Kama ningekuwa nimekosea kanuni, ningeweza kuilaumu kanuni.

Mchana nilikwenda ufukwe wa wavuvi. Wabebaji waliponiona, mmoja wao alipaza sauti, “Shaba! Juje wako njo huyu, anakuja kukupima tena!” Wakacheka kwa kuniita hakimu. Shabani alikuwa na gunia kichwani. Alilishusha kwanza, akajipangusa mikono, akanisalimu kwa heshima ile ile ya siku zote. Ningependa zaidi kama angenitukana.

Nilimwuliza kama alijua kulikuwa na mawese mle ndani.

“Nilijua, Papa. Mie njo nilishika chupa akimimina. Lakini sikujua kama ndiyo ilileta ule uvivu. Sisi tulisema tu, huyu mguu hapendi asubuhi, tungoje jua.”

“Kwa nini hukusema?”

Alitazama maji. “Alinikataza. Alisema, Yaya asijue, atatuhubiria mpaka Noeli.” Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. “Na siku ile, akiwa amelala mule ndani, tumbo limemukaza, alinishika mukono. ‘Shaba, bado usimwambie.’ Sasa mutu akishakufa, Papa, neno lake nitalivunja namna gani?”

Wiki tano kijana huyu amebeba jina la mwongo na magunia juu yake, ili mimi nisimkaripie marehemu.

Nilitaka kumwomba radhi pale pale. Nilimwambia tu kwamba kesho aje. Akasema atakuja, ikiwa ni mimi ninayemwita.

Nilirudi nyumbani nikateremsha kopo moja rafuni, nikachukua funguo zangu na vitambaa safi. Kazi yenyewe si ngumu: kumwaga mawese, kuosha mipira na silinda kwa mafuta mapya mara tatu, kujaza, kutoa hewa. Ningeimaliza kabla ya jua kutua. Nilifika kwenye boti, nikapiga magoti, nikashika kifuniko.

Nikakiacha.

Nikiusafisha leo, kesho mguu utashuka mara moja, nao watasema: tazama, ni mzima, Papa alisema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kazi hii, nimeliona kosa, nimelifahamu, ninayo dawa yake mkononi, na nimelifunika turubai kama nilivyolikuta.

Nimetuma habari kwa ukoo wote. Kikao hakitakuwa saa nne kama tulivyopatana. Kitakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Wamenung'unika, baridi, watoto, chai. Nimewaambia ndivyo ilivyo, nao wananifahamu.

Nitaingia ndani ya boti mbele ya watu wale wale, na nitabonyeza kitufe kile kile. Pampu italia, na mguu utakaa juu. Nitawaacha wangoje kama Paskali alivyongoja, hata nusu saa tu. Kisha nitafungua kifuniko, wanuse mmoja mmoja. Mama Leoni anajua tayari ni bidoni ya nani. Nitalitoa kopo langu, ambalo halijafunguliwa, niliweke mahali pa kuonekana, na nitasema ni nani aliyeliomba, na ni nani aliyemnyima. Ninaogopa sehemu hiyo. Naiandika hapa ili kesho nisiweze kuiruka.

Baada ya hapo Shabani ndiye atakayeyamwaga mawese na kujaza mafuta mapya, kwa mkono wake, nami nitamshikia taa na vitambaa.

Je, Paskali angenicheka? Nadhani angenicheka sana.

Upepo huu unaotuletea baridi umeanza kupungua, na hilo linanitia wasiwasi. Nimesali sala zangu za jioni kama kawaida, na mwishoni nimeongeza ombi ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kuliomba kwa ajili ya mifupa yake: kesho kupambazuke na baridi kali.