Ndizi Zilezile za Ishengoma

Consolata upo? Usipige, niko wodini siwezi kuongea.

Ishengoma wa Jovita yuko kwenye oksijeni. Waitu jamani, asubuhi alikuwa mzima!

Mamamkwe wa Jovita alifika jana Nyanga kutoka Buganguzi. Si unajua mtoto hawezi kumeza, analishwa kwa ule mpira wa tumboni? Bibi alipouona akaanza kulia, "Mjukuu wangu mnamlisha dawa tu?" Jovita akamtuliza. Akamwonyesha blenda, akasaga ndizi, maharage na dagaa mbele yake. Akasema kwa fahari kabisa, "Mama, anakula kilekile tunachokula sisi."

Kilekile tunachokula sisi. Hilo neno lishike.

Leo Jovita katoka nje kuanua nguo tu. Karudi, kamkuta Bibi kampakata mtoto, kijiko mkononi. Ndizi kaziponda laini kabisa. Mtoto midomo imekuwa ya bluu, wala hakohoi.

"Mama, umemfanya nini?!"

Bibi akamtazama. "Si ulisema anakula kilekile? Nikaona angalau aonje."

Angalau aonje, Consolata!!

Jovita hata kumkasirikia hawezi. Amekaa sakafuni anarudia, "Nilisema mimi. Nilisema mimi mwenyewe."

Daktari anasema chakula kimeingia kwenye mapafu. Hajui kama mtoto ataiona kesho.

Na Bibi yuko hapa mlangoni, bakuli lake la ndizi kalifunika kwa kanga. Ananiomba nimtafutie pa kupashia moto, maana mtoto akiamka atakuwa na njaa.