Mpira Nilioufunga Kwenye Kitufe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamrushia msimamizi wetu spana, na mimi nikirusha sikosi. Mimi ni fundi wa mashine ya kukata mabati, huu mwaka wa kumi na sita, hata mainjinia wenye vyeti vya kujaza ukuta huja kuniuliza, ingawa shule niliiacha kabla haijaniacha. Mashine yetu ina vitufe viwili, kimoja huku kimoja kule, nabonyeza changu na swahiba wangu Kipara anabonyeza chake, ndipo kisu kishuke, mkono wa mtu usije ukabaki ndani. Kampuni ilipopunguza watu, siku moja Kipara akaugua, nami nikajitia ujuzi, nikakifunga kitufe chake kwa mpira wa baiskeli kikae kimebonyezwa, nikakata mzigo wote peke yangu, nikajisifu mpaka kwa mlinzi wa getini. Msimamizi akanipiga bega akasema, "Kumbe mashine hii inataka mtu mmoja." Wiki iliyofuata Kipara akapewa barua ya kuachishwa kazi, na mpira ukabaki kwenye kitufe chake. Sasa moyo unadunda, mikono inatetemeka, chakula hakishuki, nesi kanipima presha mara mbili akidhani kipimo kimeharibika, juzi kisu kimeondoka na ncha ya glavu, nyumbani namfokea mke wangu, mama wa watu hana kosa. Nikilalamika naambiwa nishukuru nimebaki. Nishukuru nini? Na Kipara nikimwona, navuka barabara.

Fundi Glavu Moja

Fundi, pole ya moyo na ya mikono nakupa. Ya mdomo sikupi.

Aliyemfukuza Kipara ni kampuni, usijipe cheo usichokuwa nacho. Ila kisu ulikinoa wewe, ukawashikisha mpini, kwa kutaka sifa za mlinzi wa getini! Na hao wanaokuambia ushukuru wananichefua: kubaki kazini huku unaisha kipande kipande ni kubaki gani?

Leo, kabla hujala, muombe mkeo radhi. Kesho, kabla ya kuwasha mashine, ukate huo mpira mbele ya wenzako. Usidhani presha imekupanda wewe tu, waulize, utasikia. Nendeni wote kwa msimamizi, na karatasi ya nesi ya vipimo vyako mkononi, mumwambie kisu hakishuki bila mtu wa pili. Ukipewa dawa za presha, umeze, usizifanyie ufundi.

Kisha nenda kwa Kipara na kile kipande cha mpira, umweleze mwenyewe. Akikutukana, kaa. Akikugeuzia mgongo, kaa. Mkono wa kumpa bado unao.