Shimo Katika Mfumo wa Hospitali

Pangyo, 3 Septemba

Shikamoo dada Mi-ran,

Hamjambo huko Mokpo? Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Nimegundua shimo katika mfumo endeshi tunaoziuzia hospitali. Mtu mwenye akaunti ndogo kabisa, hata karani, akijua njia anajipandisha mwenyewe hadi kuwa msimamizi mkuu wa kompyuta. Faili zote zinamfungukia. Nilimweleza mkuu wetu, Bwana Pyo, tukichoma nyama mezani kwenye chakula cha idara. Akasema, "Tae-sik, huyo lazima awe mfanyakazi wao tayari, si mtu wa nje. Tutaziba baada ya sikukuu ya Chuseok. Angalia, nyama inaungua." Wenzangu wakacheka, mafuta yakiwachuruzika kidevuni. Niliacha nyama yangu nikatoka.

Nyinyi pia hospitalini kwenu mnatumia mfumo huo. Waambie.

Mdogo wako

Mokpo, 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti limepoa. Mimi usiniulize.

Niliwaambia watu wa kompyuta hapa hospitali. Wakapiga simu kwenu, Pyo akawajibu hakuna tatizo. Sasa sikia. Gu, karani wa mapokezi, amekuwa akijisomea faili za wodi ya wanawake. Jana nilipita kantini na sinia langu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Muuguzi Mi-ran, pole na ile mimba iliyotoka." Watu wakainamia mabakuli yao. Mimba ile, mbali na daktari, tuliijua mimi na mume wangu tu, mama hatukumwambia. Nimeoga, nikaoga tena. Bado ni kana kwamba vidole vyake vimenigusa mwilini.

Dada yako

Pangyo, 5 Oktoba

Dada yangu,

Leo salamu zitangoja.

Pyo amenitaka niseme, nikiulizwa na mamlaka ya kulinda taarifa za watu, kwamba kampuni imelijua shimo wiki hii tu. "Nitakupa uongozi wa kikundi," akasema, huku akichokonoa meno. Nikamwambia faili ya dada yangu imo humo. Akasema, "Basi mpe pole zangu."

Nimekwenda kwa mamlaka hiyo, nimesema yote. Nimefukuzwa kazi. Nilipotoka, hakuna aliyeinua macho, hata wale niliowafundisha.

Mdogo wako

Mokpo, 11 Novemba

Mdogo wangu,

Unakula vizuri? Usinidanganye.

Shimo limezibwa. Kampuni yenu imeomba radhi kwa "usumbufu". Gu amehamishiwa tawi la Naju; walimuaga kwa keki, nami nikapewa kipande. Nilikitupa mbele yao. Wajawazito niliokuwa nikiwahudumia sasa wanakwenda hospitali za Gwangju, wakihofia faili zao, na siwalaumu.

Habari zilimfikia mama sokoni. Jumapili alikuja na sufuria ya supu ya mwani, ile anayopikiwa mwanamke aliyejifungua. Alinipakulia, akakaa mpaka nikamaliza. Nilikuwa nikiwaza ni nani aliyemwambia, na kama alikuwa akicheka. Lakini nilimaliza. Mama akaosha bakuli, akaendelea kuliosha hata lilipokuwa safi.

Njoo nyumbani, Tae-sik. Supu imebaki.

Dada yako