Trekta Lisiwashwe

Baba Jasmeet, trekta usiliwashe! Roti nimezifunika, dengu zimo sufuriani.

Asubuhi nimeingiza gia nisogeze tela. Pedeli ya mafuta sijaikanyaga, likanguruma lenyewe, likaruka hadi kwenye kitanda cha kamba, mama yako amejilaza anaota jua! Nimewahi breki, limebakiza shubiri moja tu limgonge.

Nimetoa gia, nikajaribu. Nikizima spika zako, injini inatulia. Nikiziwasha, inanguruma. Kuchungulia, kumbe umeziunga kwenye waya wa sensa ya pedeli, ule unaoiambia injini iongeze kasi! Yote hayo ili kijiji kizima kisikie ngoma zako ukilima?

Naenda kumwita fundi. ~~Ufunguo umo kwenye debe la unga.~~ Hapana, nakujua, utajaribu. Ninao mimi.

Mama anajidai hakuogopa, ila mkono wangu hauachii. Nimeondoka naye.

Mama Jasmeet