Mwimbaji wa Kimarekani Anamliza Mume Wangu

Mama Therese, shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, ninakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Ihembe na maharage yapo motoni, maana nikisema nisubiri nitulie sitaandika kamwe. Jumapili hiyo jumuiya yetu inakutana kwa mwenyekiti na mimi nimeshaambiwa nijiandae kusimama niseme habari za mume wangu mbele ya watu, na nikishasema hakuna kurudisha, na nisiposema naona kama ninalea moto kwenye nyumba ya nyasi.

Mume wangu nitamwita Placidius, siyo jina lake, wote humu nimewabadilisha majina. Ni mkulima wa migomba na kahawa kama wenzake, mtu mpole, pombe anakunywa ya kiasi, mkono hajawahi kuninyooshea, na ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango chetu tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Sikuwahi kumshuku kwa lolote. Mashaka yameanza tangu alipoanza kupeleka ndizi kwa pikipiki Nkwenda kwa wanunuzi, kwa sababu pale Nkwenda kuna mama mjane, nimwite Edith, mtu wa Muleba, ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye flashi, na siku moja mume wangu akarudi na flashi kutoka kwa huyo mama, akaichomeka kwenye redio yetu ya sola, mimi nikadhani ni kwaya, kumbe ni Wamarekani weusi wa zamani, muziki wanaouita soul, waimbaji ambao wengine anasema walishazikwa kabla sisi hatujafunga ndoa.

Sasa Mama Therese, hizo nyimbo siyo za kuchezea. Kinanda kinaanza kama cha kanisani, halafu mwanaume anaongea taratibu kama mtu aliyefungiwa mlango anaomba afunguliwe, anapanda, anapanda, mpaka sauti inakatika, na nyuma yake wanawake wanamwitikia kama sisi tunavyoitikia litania. Na yupo mwanamke mmoja, huyo ndiye simpendi kabisa, sauti yake inatoka chini, haina haraka, kama mtu anayejua utamsikiliza tu. Huyo akianza, mume wangu anaacha anachofanya. Jioni moja mimi namenya ndizi, yeye amekaa kizingitini anachambua maharage ya mbegu, nikaona machozi yanashuka.

Nikamuuliza, "Baba Renatha, kuna msiba?"

"Hakuna, Mama Renatha. Njoo ukae hapa usikie huyu mama anavyopasuka."

"Anasema nini?"

"Maneno siyajui."

"Sasa unalilia nini?"

"Namwelewa."

"Unamwelewaje mtu usiyejua lugha yake?"

Akacheka na machozi yake akasema, "Mbona Kilatini tumekiimba miaka yote na hujaniuliza."

Mimi nikarudi kwenye ndizi zangu. Lakini moyo haukurudi.

Halafu kuna jambo la kahawa. Kila akitoka Nkwenda anarudi na kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye gome kavu la mgomba, fundo dogo la mkono wa kike, na mimi mafundo ya wanawake nayajua. Ni kweli kwetu mgeni anapewa kahawa ya kutafuna, sipingi, lakini mgeni wa kila safari siyo mgeni tena. Tena anaiweka mezani bila aibu ananiambia, "Onja, Edith anajua kuichemsha." Niionje mimi? Niliwamwagia kuku. Nikafika mpaka mahali pa kushika simu yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakuta namba ya huyo mama ameiandika "Edith Nyimbo Nkwenda", na wameongea siku za soko, siku nyingine hakuna.

Na sasa imeingia mpaka kanisani. Kwenye mazoezi alisimamisha kwaya akawaambia, "Mnaimba kama mnasoma tangazo la mkutano wa kijiji. Mnamwomba Mungu huruma au mnamdai?" Akawafundisha kuivuta "utuhurumie" akaipandisha na kuishusha mpaka Jumapili wale bibi zetu wa benchi la mbele wakalia kwa sauti. Katekista Deodatus akamwita pembeni akamwambia, "Mwalimu, hiyo noti haikuandikwa pale." Mume wangu akamjibu, "Na huruma nayo haikuandikwa, katekista." Watu walicheka, ila katekista hakucheka.

Mwenye kunifungua macho ni rafiki yangu Mackrine, tunaimba naye sauti ya pili, mume wake Melkiory ndiye anayeshika kwaya siku ambazo wangu hayupo. Aliniambia, "Dada yangu, mwanaume halizwi na redio. Mwanaume analizwa na mtu." Yeye alipita Nkwenda akamwona Placidius ameegemea meza ya Edith, amefumba macho, na yule mama anacheka. Akaniambia pia kwamba zile nyimbo maneno yake ni ya kumwita mtu aingie kwa sababu mwenye nyumba hayupo, na kwamba wale waimbaji sauti hizo hawakuzipata bure, walipewa na yule mwovu. Ni yeye aliyenisaidia kulifikisha kwa mwenyekiti, maana mimi peke yangu nisingeweza, mdomo ungeganda.

Mama Therese, na hili la mwisho nakwambia wewe tu, wala Mackrine sijamwambia. Juzi nilikuwa napalilia chini ya migomba, peke yangu, nikashtuka ninautoa wimbo wa yule mwanamke kwa mdomo uliofumba, wote, na pale anapokatika mimi nikakatika, na koo likanibana kama siku ya Ijumaa Kuu. Niliangusha jembe. Nikashika rozari palepale shambani. Nimeogopa, kwa sababu kama kitu hicho kimeweza kuniingia mimi ninayekichukia, je yeye anayekipenda kimemfikisha wapi?

Nisimame Jumapili niseme? Niiponde hiyo flashi? Au niende Nkwenda nikamvae huyo mama ana kwa ana? Nisaidie, sili nikashiba.

Ni mimi mwanao, Mama wa Kibanjani, Ihembe.

*

JIBU LA MAMA THERESE

Marahaba mwanangu, na milele amina. Kwanza katazame maharage.

Nimekuhurumia, maana wivu wa mtu mzima unauma kuliko wa msichana, hauna pa kulilia. Lakini pia umenikasirisha, na nitakwambia kwa nini.

Umeniletea mashtaka, na ndani yake umemwandikia mume wako utetezi kwa mkono wako mwenyewe. Mwanaume mwenye siri hupunguza sauti ya redio mkewe akiingia. Wako amekuita ukae kando yake. Mwenye siri angeitafuna ile kahawa njiani akatupa gome porini. Wako ameiweka mezani na jina la aliyeichemsha akakutajia. Mwenye siri angemwandika Edith kwenye simu kama fundi wa baiskeli. Wako amemwandika jina lake, kazi yake na mji wake, kasoro picha.

Usishangilie lakini, sijamsafisha. Mimi sijamwona huyo Placidius. Wapo wanaume wanaofanya hadharani kinachotakiwa kufichwa, wakijua kwamba kilichoko mezani hakuna anayekichungulia. Nimeshapokea barua za wake zao. Na hata akiwa mwema kama unavyosema, mwalimu wa kwaya anayeegemea meza ya mjane kila siku ya soko huku amefumba macho anawapa watu chakula cha midomo, na hilo anapaswa kuambiwa. Na wewe, siyo na mwenyekiti.

Sasa tuje kwa Mackrine. Rudia barua yako uone: habari zote za Nkwenda ulizonazo zimetoka kwenye mdomo mmoja. Alipita Nkwenda kufanya nini? Kiingereza cha kukutafsiria nyimbo alikisoma wapi, wakati mume wako mwenyewe kimemshinda? Na siku mume wako akiondolewa kwenye kwaya, fimbo ya kuongozea anakabidhiwa nani? Umeniandikia jibu la swali hilo ukapita juu yake kama hukuliona. Sisemi rafiki yako ni mbaya. Huenda amekosea tu kwa kukupenda. Nasema umemshuku mume, ukamshuku mjane, ukamshuku na mwimbaji aliyeko kaburini Marekani, ila aliyekushika mkono kukupeleka kwa mwenyekiti hukumuuliza hata swali moja.

Kuhusu hizo sauti, shetani mwache apumzike. Wengi wa waimbaji hao walikulia makanisani, watoto wa wachungaji na wa wanakwaya, na huko ndiko walikojifunza kuita na kuitikiwa. Ulivyosikia litania, sikio lako halikukudanganya. Waliichukua sauti ya ibada wakatoka nayo mlangoni, wakaitumia kumwambia mke au mume yale ambayo watu huona haya kuyasema mezani: nimekukosea, usiniache, naogopa. Hata kwao walikuwepo akina katekista Deodatus waliokunja uso. Utauliza kwa nini nyimbo za marehemu zinamshika mtu wa Ihembe leo? Wimbo wa kujisifia gari unakufa gari likichakaa. Wimbo wa mtu anayeomba asiachwe hauzeeki, kwa sababu kila nyumba, hata iliyofungwa ndoa kanisani, ina mtu anayeogopa kuachwa.

Wala siwafanyi watakatifu. Zipo nyimbo zao ambazo mimi nisingempigia mwanangu. Na mume wako naye amevuka mpaka: za kizingitini zibaki kizingitini, na za Misa aziimbe walivyokubaliana na katekista, hata kama bibi wa benchi la mbele wanataka kulia. Mwambie nimesema hivyo.

Halafu wewe na jembe lako. Kuimba kwa mdomo uliofumba siyo dhambi, mwanangu, wala rozari hukuhitaji kuishika kwa hofu. Koo lilikubana kwa sababu na wewe una neno la kumwambia mtu, na limekaa muda mrefu. Unaishi na mwalimu wa kuimba na hamjaongea. Ulimuuliza analilia nini, akakukwepa kwa mzaha wa Kilatini, nawe ukarudi kwenye ndizi kama mtu aliyefurahi kukosa jibu. Pale ndipo uliponikasirisha. Uliogopa kumuuliza mtu mmoja kizingitini, ukapata ujasiri wa kuwaambia watu wa mtaa mzima.

Fanya hivi. Flashi usiiguse, ukiiponda atanunua nyingine na safari hiyo ataificha. Siku ya soko inayokuja mwambie mume wako mnakwenda wote Nkwenda, kaa nyuma yake kwenye pikipiki, vaa kitenge kizuri. Ukifika msalimie Edith vizuri, usimvae wala msikwaruzane. Usiangalie sana anavyocheka yule mama, wanawake wa biashara wanacheka na kila mteja. Angalia mume wako anasimamaje wewe ukiwa umesimama kando yake. Umeishi naye miaka yote hiyo, utajua kabla ya kahawa kutolewa. Ikitolewa, tafuna.

Mkirudi, yule mwanamke usiyempenda akianza kuimba, kaa kizingitini na uulize tena: "Baba Renatha, unamlilia nani?" Akileta mzaha, usiinuke. Nyamaza mpaka mzaha uishe. Jibu likiwa ni la mzazi aliyemzika, au uzee, au wewe mwenyewe, utakuwa umempata mume. Jibu likiwa ni Edith, utalia, halafu utakwenda kwa wasimamizi wenu wa ndoa na kwa padre, mlango ukiwa umefungwa, kama Wakristo. Jumuiya imewekwa ili watu waombeane. Haikuwekwa ili mke amvue mume wake nguo mbele ya majirani kwa habari alizoletewa.

Jumapili nenda, usikose, watasema umekimbia. Kaa na wenzako, sali. Mwenyekiti akikuita usimame, mjibu kwa adabu kwamba bado unazungumza na mume wako. Kazi yako kuanzia leo ni kuhakikisha kwamba siku hiyo hutakuwa umesema uongo.