Kundi la Miradi Iliyokwisha

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti linakuruhusu kufika dukani bila kugombana nalo. Mimi sijambo, ila kichwa kimejaa.

Wamenipa ukubwa, Baba. Tangu Jumatatu mimi ndiye msimamizi wa miradi yote ya kubashiri hapa bohari ya dawa. Umeshaniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini nikakujibu ovyo, sasa nakueleza vizuri. Kila zahanati hutuletea ripoti ya dawa ilizotumia. Kompyuta inasoma ripoti za nyuma, inakisia zahanati ile itahitaji kiasi gani mwezi ujao, na gari linapakia kulingana na makisio hayo. Programu moja inakisia dawa za homa, nyingine chanjo, nyingine barabara zitakazofungwa. Kila moja ni mradi, na miradi iko ishirini na saba. Kila mtu anajifanyia wake. Wawili wamebashiri kitu kilekile mwaka mzima na meza zao zimegusana! Mkurugenzi amenipa wiki chache nimpelekee mpango wa kuigawa katika makundi na kuisimamia. Nikishindwa, idara inavunjwa na wenzangu wanatawanywa.

Wewe ulipanga ratiba ya shule miaka kumi na tisa. Walimu thelathini, vyumba kumi na viwili, na hakuna aliyekupiga. Ulifanyaje?

Na dawa ya sukari unameza? Usinijibu kwa simu, maana kwenye simu unasema "niko sawa" halafu unakata.

Mwanao,
Kitinda mimba

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakusalimu. Nimefurahi mpaka nimemwambia fundi viatu, na yeye amewaambia wote waliobaki, kwa hiyo mtaa mzima sasa unajua kwamba binti yangu ni mtabiri. Mama mmoja keshaniuliza kama unaweza kumtabiria mume.

Kuhusu ratiba. Mwaka wa kwanza niliipanga kwa masomo, hesabu huku, lugha kule. Karatasi ilipendeza, shule ikawa vurugu tupu. Mwaka wa pili nilimwuliza kila mwalimu swali moja tu: siku usipokuja, nani anaumia, na anaumia baada ya muda gani? Wa darasa la mtihani, wanaumia siku ileile. Mimi na somo langu la historia, walisema wangevumilia hadi Krismasi. Basi nikaanza kupanga na wale wa siku ileile, wengine wakajipenyeza palipobaki. Wewe jaribu hivyo.

Dawa nameza. Niko sawa. Ona, safari hii nimeyasema kwa maandishi.

Baba yako

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Mimi leo nimeshusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Mpango nimeumaliza na mkurugenzi ameusoma akitikisa kichwa kwa namna nzuri. Uamuzi atautoa mwisho wa Aprili, lakini katibu wake ameninong'oneza kwamba kazi imekwisha. Swali lako nililipenda, Baba, usinune, ila niliogopa wataalamu wenzangu wangeliona la kishule mno. Nimepanga kwa hatua za kazi. Kundi la kwanza ni miradi inayoanza, la pili inayojengwa, la tatu inayojaribiwa. La nne ni miradi iliyokwisha, kumi na mmoja, inajiendesha yenyewe kila mwezi. Hilo sikuliwekea mtu, maana watu ni wachache na huko hakuna cha kufanya. Ukutani nimebandika chati ya rangi nne, na kila anayepita anaisifu.

Niandikie habari za huko, hata za kuchosha.

Kitinda mimba wako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ulipata? Jana nilipiga simu, ukasema uko sawa ukakata, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyejifunika blanketi mchana. Nimekaa roho juu. Andika hata mistari miwili.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Kwanza jua kwamba sasa ninakaa, ninakula, na ninaandika haya mezani, si kitandani. Kwa hiyo soma taratibu.

Zahanati yetu haijawa na dawa ya sukari tangu Februari. Nilikosa vidonge kwa muda, kiu ikanishika, macho yakawa yanaona herufi kama zimemwagiwa maji, na wiki ya mwisho ya Machi nililala siku nne. Mwalimu mwenzangu wa zamani amenitafutia vidonge vya wiki tatu kutoka hospitali kubwa. Nimeinuka.

Nilitaka kunyamaza mpaka mkurugenzi atoe uamuzi. Sasa siwezi, kwa sababu muuguzi alinionyesha karatasi inayokuja na gari la dawa. Mstari wa dawa ya sukari umeandikwa: mahitaji ya mwezi, sifuri. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa waliokaa huko wanajua kweli sisi tuko wangapi?" Chini ya karatasi kuna muhuri wa idara yako. Nilikunja uso tu nikaenda zangu.

Sikulaumu. Ila pale kwenye benchi tuko wagonjwa wa sukari kumi na watatu, na sote hatuwezi kuwa sifuri.

Baba yako

19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi. Nilikukasirikia, Baba, acha niseme. Ulijikaza kisabuni siku zote zile kwa ajili ya chati yangu ya rangi nne! Kisha nilijikasirikia mimi, zaidi.

Nimeliona kosa. Desemba gari la upande wenu liliharibika na mzigo wa dawa za sukari haukufika. Akiba ilipokwisha, muuguzi akaandika ukweli: vidonge vilivyotolewa, sifuri. Programu inayokisia dawa hizo ikasoma sifuri ikadhani hakuna mwenye kuhitaji, ikaagiza sifuri. Mwezi uliofuata sifuri tena. Haijui tofauti ya zahanati isiyo na wagonjwa na zahanati isiyo na dawa. Mtu yeyote angeikagua mara moja angeshtuka. Lakini ilikuwa katika kundi la nne, la miradi iliyokwisha, ambalo sikuliwekea mtu. Zahanati zilizoandikiwa sifuri namna hiyo ni arobaini na moja, Baba. Si yenu tu.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa mkurugenzi kabla hajaniita. Nikamwambia mpango wangu una shimo na baba yangu ametumbukia humo. Aliuliza, "Gari linaondoka lini?" Nikasema nimeshapakia, Jumanne. Akauliza, "Na mpango?" Nikautoa mpya nilioandika siku mbili bila kuinua kichwa: makundi yamepangwa kwa swali lako la nani anaumia na baada ya muda gani. Wanaoumia mapema ndio kundi la kwanza. Kila mradi una mtu mwenye jina la kuulizwa. Kundi la miradi iliyokwisha nimelifuta, maana mradi unaompa mtu dawa haujaisha hadi tuuzime. Na kabla ya kuamini sifuri yoyote, tunapiga simu kwenye zahanati.

Aliusoma hadi mwisho. Akasema, "Huu ndio ungeniletea Machi." Kisha akatia saini palepale, Baba! Idara haivunjwi. Nilitoka nikalia chooni kama mtoto, kwa furaha na kwa aibu, sijui kipi kilizidi.

Dawa ikifika niambie siku ileile.

Kitinda mimba wako

3 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena. Dawa imefika. Maboksi mawili, na muuguzi aliyabeba mwenyewe kutoka garini, hakutaka mtu amsaidie. Benchi zima tulisimama. Sukari yangu leo ni kumi, nilipolala mwezi Machi ilikuwa ishirini na mbili. Macho yanasoma.

Siku mbili kabla ya gari, mtu wa kwenu alipiga simu zahanati akauliza, "Ni wangapi walikuja wakarudi mikono mitupu, na mara ngapi?" Miaka yote muuguzi ameandika waliopata, hajawahi kuulizwa waliokosa. Akanipa daftari nichore mistari, maana anaujua mwandiko wangu. Tukapita benchi lote, mmoja anataja, mimi naandika. Fundi bomba, mara tatu. Mama wa cherehani, mara nne, na alitembea kwa mguu zote nne.

Tulipomaliza muuguzi akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu?" Nikasema niko sawa. Aliweka kidole kwenye mstari uliobaki wazi akinitazama, na benchi zima likanitazama, maana walinihesabu kila nilipokuja.

Nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Mara sita, mwanangu. Nilikuwa nimekuficha, na sasa nimekwambia.

Baba yako