Usimguse, Yuko Kazini

Mama,

Mugonile, nakusalimu. Maisha yangu yote sikuwahi kukuandikia barua, kwa sababu wewe hukujua kusoma na mimi niliishia darasa la tano. Tulipigiana simu tu, tukakata kabla vocha haijaisha. Sasa naandika. Leo ni Jumamosi. Nimekaa juu ya ndoo mlangoni pa chumba changu hapa kambini, na sitoki mpaka nyapara aje.

Nikueleze tangu mwanzo, maana uliondoka kazi ikiwa katikati.

Siku tuliyokuzika hapo Makwale watu walijaa mpaka kwenye migomba. Ndugu zako wa Malawi walivuka Songwe wakafika wamechoka, wana njaa. Baba mdogo akasema kuku wote wa marehemu wakamatwe, wageni wale, nyumba ifungwe. Sikubisha. Walikuwa kuku wako, na wewe hukuwahi kumnyima mgeni mboga. Wakakamatwa, hata jogoo mwekundu uliyemfuata kwa miguu hadi Njisi, ukaacha wa zamani huko ukaja na huyo. Nakumbuka ulivyosema, "Hapa kwangu jogoo haoi dada zake." Wakamla.

Halafu wakaingia jikoni. Kishingo, mtetea wako wa shingo wazi, alikuwa nyuma ya mafiga, kwenye lile karai lililopasuka, anaatamia. Baba mdogo akainama, akamshika mabawa, akamnyanyua. Sijui kilichonipanda. Nilimshika baba mdogo mkono, mimi mtoto wake, mbele ya watu.

"Usimguse. Yuko kazini."

Yalikuwa maneno yako. Nilipokuwa mdogo nikimchokoza kuku kwenye mayai, ulinipiga mwiko wa kiganjani na kusema hivyo hivyo. Lakini jikoni wote waligeuka kunitazama kama nimetukana. Baba mdogo akasema, "Mama yako hata udongo haujakauka, wewe unapigania supu?" Shangazi naye akacheka kwa huzuni: "Jamani Lusajo, mwanaume mzima unamlinda kuku!"

Niliona aibu, Mama. Sikufichi. Ila sijutii, na nikirudishwa siku ile namshika tena mkono.

Kwa sababu Kishingo aliponyanyuliwa niliyaona mayai. Kila moja lina mstari wa mkaa kuzunguka tumbo. Ulikuwa unachora ili kuku wengine wakija kutagia humo humo, ujue yapi uliyaweka wewe na yapi ni ya wadandiaji. Mama, hukuwahi kuandika jina lako popote. Zahanati ulibonyeza dole gumba, kwenye kura dole gumba. Mchana ule tulikuwa tumeshakufukia, na mkono wako bado uko kwenye karai, umechora, mstari mmoja umetetemeka pale ulipoanza kuumwa. Yale ndiyo maandishi yako, na mimi wa darasa la tano niliyasoma yote. Wangeniambia niyaache yapoe?

Baba mdogo alimwachia. Akasema, "Kaa na kuku wako. Hili jiko si lako tena." Na kweli, amelifunga kwa kufuli. Ndani ameweka magunia yake ya kokoa.

Siku mbili baadaye nilifanya ulivyonifundisha, kujua yapi yana kifaranga hai. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yai moja moja, taratibu. Kwanza yalitulia. Halafu likatikisika moja, likatikisika la pili, kama mtu anayepiga hodi kwa bega. Mawili yalibaki bubu, nikayafukia. Kaburini sikulia, watu walilisema hilo. Nililia hapo, kwenye beseni.

Kazini walinipa ruhusa ya siku nne. Nilikaa mpaka vifaranga vikakauka manyoya. Nikampakia Kishingo na watoto wake kwenye tenga, nikapanda basi kurudi huku Kilombero. Konda akaniuliza, "Kaka, hao ni abiria au mboga?" Nikamwambia ni ndugu zangu, andika nauli.

Huku kazi ni ile ile, kukata miwa iliyochomwa. Ukirudi unatema mate meusi na mgongo hauutaki mkeka. Wenzangu wamenipa jina, Mama Kuku. "Mama Kuku, leo umetaga?" Nawajibu, "Nimetaga, njoo uatamie." Wanacheka, na mimi nacheka. Lakini jioni nikimwaga pumba na vifaranga vikaja vinakimbia, kambi nzima husogea kutazama. Hata wanaonicheka.

Nina la kukuambia ambalo hutalipenda. Kideri kilipita. Nilitumia dawa yako, mshubiri na pilipili kwenye maji, kwa sababu ni yako na nilikuwa mbishi. Haikufua dafu, Mama. Samahani. Asubuhi niliwakuta wamepinda shingo, Kishingo mwenyewe amelala ubavu. Wangepata tone la chanjo jichoni wangepona, nami ningeweza kulinunua. Hilo kosa ni letu wawili, lako na langu, na nimeacha kulibishia. Sasa nachanja.

Alibaki mtetea mmoja tu, shingo wazi kama mama yake. Nikamtafutia jogoo kwa Mama Zawadi, mwanamke anayepalilia miwa. Jogoo huyo hana undugu naye. Hapo nilikusikiliza.

Sasa mtetea huyo anaatamia chini ya kitanda changu, kwenye dumu nililolikata ubavu. Nimeweka majivu chini kuzuia utitiri, majani makavu juu yake. Mayai nimeyachora kwa mkaa. Mistari yangu imepinda, ungecheka.

Jumatano nyapara alitangaza kuwa ikifika Jumamosi mchana kambini kusiwe na kuku hata mmoja. "Kambi si banda," alisema. Wengine wameshachinja. Nilimfuata nikamweleza kwamba wangu amebakiza siku chache aangue, na ukimhamisha sasa atasusa, mayai yatapoa na watoto watafia ndani. Nilimwomba mpaka Jumanne tu. Akanitazama mavazi yangu yote ya masizi, akasema, "Mama Kuku, chagua. Kazi au kuku."

Mama, nimechoka kuambiwa chagua na watu waliokwisha kuchagua. Niliacha shule nikapalilie mpunga, waliita kuchagua. Nilikuja huku kukata miwa ya watu, waliita kuchagua. Nimeinama kila mara. Hii ya kuku sikuinama kwa baba mdogo, nitainamaje kwa nyapara? Huyu ndiye wa mwisho kwenye ukoo wa karai lako. Akisusa, mkono wako umefutika.

Asubuhi hii nimeyaweka kwenye maji. Yanacheza yote. Hata moja halikukaa bubu. Nimeyarudisha chini yake, akayapokea kwa mdomo, akajikunjua akayafunika, akanitazama kwa jicho moja kama vile mimi ndiye mgeni humu ndani.

Nyapara akinifukuza, nitasubiri nje ya geti la kambi, dumu mapajani, mpaka waanguliwe. Asiponifukuza, kesho kutwa nitaamka kukata miwa kama kawaida. Kwa vyovyote nitakuja Makwale. Nitakuja na mtetea mwenye shingo wazi, nitavunja ile kufuli, nitayatoa magunia ya baba mdogo kwa mikono yangu, mchana kweupe, yeye akiwa amesimama pale anatazama. Na nyuma ya mafiga yako kuku ataatamia tena. Hilo nakuahidi, na sikuombi uniombee. Nitalifanya.

Ndaga fijo, asante sana, Mama. Ndaga kwa mwiko wa kiganjani. Lala, shughuli iliyobaki niachie.

Jina langu sikuliandika hapa chini, usingelisoma. Nimechora mstari wa mkaa, ujue barua hii ni yako na si ya mdandiaji.

Naisikia pikipiki ya nyapara inaingia kambini. Imezimwa. Nasimama mlangoni. Nitakachomwambia unakijua.